Hesabu Sahihi za Maswali Yasiyo Sahihi: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Asiyeona Ubao

Mwanafunzi huyu, msichana wa miaka 10, hakuletwa kliniki kwa sababu ya macho. Aliletwa kwa sababu ya hesabu. Kwa mihula miwili alama zake zilikuwa zikishuka, na nyumbani ilikwisha kuamuliwa kwamba amekuwa mvivu, mpaka mwalimu wake mpya wa hisabati alipokaa na daftari lake jioni moja akagundua kwamba majibu mengi yaliyotiwa alama ya kosa yalikuwa sahihi, ila maswali ndiyo hayakuwa yale yaliyoandikwa ubaoni. Palipokuwa na 68 × 7 yeye alinakili 63 × 7 na kupata 441, ambalo ni jibu sahihi kabisa la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Nane iligeuka tatu, sita ikageuka sifuri, na alama ya kugawanya mara nyingine ilisomwa kuwa ya kujumlisha. Katika mazoezi yaliyotoka kitabuni, makosa ya aina hiyo hayakuwepo hata moja. Mwalimu huyo hakuwa na chombo chochote cha kupimia macho, lakini kulinganisha kwake kurasa mbili za daftari kulifichua zaidi kuliko vipimo viwili ambavyo mtoto alikuwa amefanyiwa kabla ya kufika kwetu. Ni kwa ajili ya vipimo hivyo viwili ninakieleza kisa hiki kwa kirefu, baada ya kuondoa taarifa zote zinazoweza kumtambulisha.

Kipimo cha kwanza kilifanyika shuleni mwaka mmoja kabla, na matokeo yake yaliandikwa kwa neno moja: mazuri. Nilipomwomba mtoto anisimulie siku hiyo ilivyokuwa, alieleza kwamba walipangwa mstari mmoja unaoitazama chati, kila mmoja akasoma herufi kwa sauti, na zamu yake ilipofika tayari alikuwa amezisikia mara nyingi. Alisoma kwa macho yote mawili kwa pamoja. Hakuna aliyemkataza kufinya macho, na umbali ulipimwa kwa hatua za mtu mzima. Chati ya herufi ambayo daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, aliitoa mwaka 1862 ina masharti yasiyojadiliwa: ukisomwa kutoka mita 6, mstari unaoitwa 6/6 una herufi zenye urefu wa milimita 8.7 hivi, na kipimo hakina maana ikiwa mita 6 hizo zimegeuka kuwa 4, au ikiwa jicho zima linalisaidia jicho lenye kasoro bila mtu kujua. Kila jicho hupimwa peke yake, jingine likiwa limefunikwa kwa kitu kigumu na si kwa vidole, kwa sababu kila mtoto huchungulia katikati ya vidole, tena bila nia ya kudanganya.

Kufinya macho ndiko kulikomvusha. Kope zinapokaribiana, mwanga unapita katika upenyo mwembamba, miale iliyotawanyika inazuiwa, na taswira inayofika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inakuwa wazi zaidi kidogo. Ni kanuni ileile ya tundu dogo ambalo wapimaji hulitumia makusudi: mtoto asiyeona vizuri anapotazama kupitia tundu la milimita 1 hivi na kuona vizuri zaidi, kasoro yake kwa kiasi kikubwa ni ya upindaji wa mwanga, na miwani itamsaidia, asipoona tofauti yoyote, tunaanza kutafuta ugonjwa. Mtoto huyu alikuwa ameligundua tundu hilo mwenyewe, akalibeba usoni kwa mwaka mzima, na walimu wakaliita kununa.

Kipimo cha pili kilikuwa na madhara makubwa zaidi, ingawa kilionekana cha kisasa. Wazazi walipoambiwa na mwalimu wa hisabati kuhusu daftari, walimpeleka mahali panapouzwa miwani, akawekwa mbele ya mashine ya kompyuta kwa chini ya dakika moja, na karatasi ikatoka na namba za nguvu ya lenzi, kwa kipimo cha dayopta, ambapo alama ya kutoa ni ya jicho lisiloona mbali: −2.75 jicho la kulia, −2.50 la kushoto. Miwani ilitengenezwa kwa namba hizohizo. Aliivaa kwa siku 9. Baada ya hapo ilikaa kwenye mfuko wa shule, naye alipoulizwa alisema tu kwamba inamuumiza kichwa, maelezo ambayo wazazi waliyapokea kama ukaidi. Kwa hiyo alipofika kwetu alikuwa na sifa mbili, uvivu na ukaidi, na zote mbili zilitokana na lenzi.

Uchunguzi ulianza bila mashine. Bila miwani, jicho la kulia lilisoma 6/36, yaani kutoka mita 6 lilisoma kile ambacho jicho lisilo na kasoro husoma kutoka mita 36, na la kushoto 6/24. Kwa kutumia tundu dogo yote mawili yalifika 6/9. Nikampa kitabu cha hadithi asome kwa raha zake, kisha nikapima kwa rula umbali kutoka jichoni hadi kwenye ukurasa: sentimita 18. Watoto wa umri wake wanaosoma kwa mkao unaofaa huwa karibu na sentimita 30. Macho yalikuwa yamenyooka, hapakuwa na kengeza, na mboni zilijibu mwanga kama inavyotakiwa. Mashine yetu, bila dawa, ilitoa namba zinazokaribiana sana na zile za dukani, jambo linaloonyesha kwamba mashine ya kule haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni dawa ya matone.

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa kuwa ndipo kiini cha kisa kilipo. Lenzi ya jicho la mtoto ni laini, na msuli unaoizunguka una nguvu ya kuinenepesha mara moja anapotazama kitu cha karibu. Mtoto anapoweka kidevu kwenye mashine na kutazama picha ndogo iliyo ndani yake, mara nyingi msuli huo hukaza, kwa sababu anajua kwamba picha iko karibu hata kama vioo vya mashine vinaifanya ionekane mbali. Mashine hujumlisha ukazaji huo na kasoro halisi, kisha hutoa namba moja isiyotenganisha kimoja na kingine. Ndiyo maana tulimtia mtoto matone ya saiklopentoleti, tukasubiri nusu saa au zaidi mpaka msuli ulegee, ndipo tukapima. Baada ya matone, kwa retinoskopu, yaani tochi ya mkononi ya kupimia kasoro ya jicho, na kwa mashine, jicho la kulia lilitoa −1.50, na la kushoto −1.25 likiwa na astigmatizimu ndogo ya −0.50, yaani konea yake, kioo cha mbele cha jicho, haikuwa na mviringo sawa pande zote. Dayopta 1.25 za ziada zilizokuwa kwenye kioo cha kulia cha miwani yake ya kwanza hazikuwa ugonjwa wake hata kidogo.

Hesabu ya maumivu ya kichwa ilikuwa rahisi baada ya hapo. Kusoma kitabu kilicho sentimita 18 kutoka jichoni kunadai nguvu ya dayopta 5.6 hivi. Bila miwani, mayopia yake, yaani kutoona mbali, ya 1.50 inampunguzia mzigo, kwa hiyo lenzi ya jicho lake inatoa 4 tu. Akivaa miwani iliyozidi, analazimika kutoa karibu 7, yaani karibu nusu ya uwezo wote alionao mtoto wa umri wake, na kuutoa saa baada ya saa. Mtoto aliivua kwa sababu ilimchosha kuliko kutoona, na katika hilo alikuwa sahihi kuliko karatasi iliyotoka kwenye mashine.

Kuhusu kasoro yenyewe, mayopia ya watoto wengi wa shule ni jambo la urefu. Mtoto mchanga huzaliwa na jicho lenye urefu wa milimita 16 au 17 kutoka mbele hadi nyuma, na jicho la mtu mzima hufikia 23 au 24. Ukuaji huo kwa kawaida huongozwa kwa usahihi wa kustaajabisha, konea na lenzi zikipungua nguvu kadiri jicho linavyorefuka, ili taswira iendelee kutua kwenye retina. Jicho likirefuka kupita kiasi, taswira inatua mbele ya retina, na kila milimita 1 ya ziada huleta dayopta 2.5 hadi 3 za mayopia. Jicho la kulia la mtoto huyu lilikuwa na milimita 23.90, urefu ambao wapo watu wazima wanaoona vizuri wasioufikia, naye ana miaka mingi ya kukua. Kwa mayopia ya −1.50, kitu cha mbali zaidi anachokiona bila ukungu kiko sentimita 67 kutoka usoni pake. Daftari la jirani yake kwenye dawati lilikuwa ndani ya mpaka huo na ubao ulikuwa nje yake, na ndiyo sababu alinakili kwa jirani, akaadhibiwa kwa kuzungumza darasani, kisha akahamishiwa nyuma kwa sababu ni mrefu.

Nilitumia muda mwingi zaidi kuwahoji wazazi kuliko kumpima mtoto, na sijutii. Baba alianza kuvaa miwani ya kuonea mbali akiwa na miaka 13. Mama naye haoni mbali, ila huvaa miwani anapoendesha gari usiku tu, na hakuwa amejihesabu kuwa mtu mwenye tatizo la macho. Mtoto mwenye mzazi mmoja mwenye mayopia yuko katika hatari kubwa kuliko asiye naye, na mwenye wazazi wawili hatari yake ni kubwa zaidi; swali hilo moja, lisilohitaji chombo wala senti, halikuulizwa katika vipimo viwili vya kwanza. Hata hivyo urithi hauwezi kubeba lawama yote. Katika miji ya Asia ya Mashariki, vijana 80 hadi 90 katika kila 100 wanaomaliza sekondari wana mayopia, na babu zao hawakuwa hivyo. Vinasaba havibadiliki katika vizazi viwili, bali maisha ndiyo yamebadilika.

Niliwaomba wazazi waandike kwa wiki mbili mahali mtoto alipo kila saa ya mchana. Daftari hilo lilionyesha kwamba siku za shule alikuwa nje kwa wastani wa dakika 35, nyingi zikiwa za kwenda na kurudi. Mapumziko aliyatumia darasani kumalizia kazi ambazo hakuwahi kuzinakili, kwa hiyo kasoro ya macho ilikuwa ikimnyang'anya jua ambalo lingemfaa. Jioni kulikuwa na masomo ya ziada, na usiku alisoma hadithi kitandani, kwenye kitabu au kwenye simu. Wazazi walitaka niilaani simu. Sikukubali moja kwa moja, kwa sababu kwa maoni yangu simu imekuwa mahali rahisi pa kutupia mzigo wote: jicho halijali kama herufi ziko kwenye karatasi au kwenye kioo, linajali umbali, muda usiokatizwa, na kwamba wakati huo wote mtoto hayuko nje. Simu hushikwa karibu zaidi kuliko kitabu, na hilo ndilo kosa lake la kweli.

Suala la kuwa nje lina ushahidi ambao mambo mengine mengi hayana. Mjini Guangzhou, China, shule 12 zilishirikishwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015: nusu ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, nusu nyingine zikaendelea na ratiba ya kawaida. Baada ya miaka 3, waliopata mayopia katika shule za kawaida walikuwa asilimia 39.5, na katika zile nyingine asilimia 30.4. Sababu inayopewa uzito zaidi ni mwanga wenyewe. Darasa lenye taa nzuri lina mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500. Nje, hata kivulini, ni maelfu, na kwenye jua kali hufika 100,000. Inaaminika kwamba mwanga mwingi huifanya retina itoe dopamini, kemikali ya mwilini ambayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Mtoto hahitaji kukimbia wala kucheza mpira; akikaa nje na kitabu chake bado anafaidi.

Mama aliuliza swali ambalo lilionekana kumkaa moyoni muda mrefu: je, ni kweli kwamba taa aliyoiacha ikiwaka usiku mtoto alipokuwa mchanga ndiyo iliyomharibu? Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti ulioonyesha uhusiano kati ya taa za usiku na mayopia, na habari ikaenea duniani. Mwaka uliofuata makundi mengine ya watafiti hayakuuona uhusiano huo, na mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba wazazi wenye mayopia ndio wanaopenda kuacha taa ikiwaka, kwa kuwa wao wenyewe hawaoni vizuri, na watoto wao hurithi macho yao. Nilimweleza hivyo, naye alinyamaza kidogo kisha akacheka.

Miwani mpya ilitolewa kwa namba za baada ya matone, na kwa miwani hiyo kila jicho lilisoma 6/6. Baba alipendekeza apunguziwe nguvu, "ili macho yasizoee." Ni imani iliyoenea, na nia yake ni njema, lakini majaribio ya kuwapa watoto lenzi zisizofikia nguvu wanayohitaji hayakuonyesha kwamba mayopia inapungua kasi, lile lililofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba iliongezeka haraka zaidi. Miwani hailifanyi jicho liwe dhaifu. Mtoto anayeivua na kulalamika kwamba sasa haoni kuliko zamani anachofanya ni kulinganisha: zamani hakujua kwamba majani ya mti ulio ng'ambo ya barabara yanaonekana moja moja. Huyu wetu, alipoivaa kwa mara ya kwanza na kutazama dirishani, hakusema chochote kuhusu ubao. Aliuliza kama watu wengine wote huona nyaya za umeme.

Tulizungumza pia kuhusu tiba za kupunguza kasi: matone ya atropini ya kiwango kidogo, lenzi za miwani zenye vijilenzi vidogo pembezoni, na lenzi za kugusa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Umuhimu wa kupunguza kasi hauko kwenye uzito wa miwani. Mayopia inayovuka −6.00 huongeza hatari ya retina kubanduka, ya shinikizo la macho, na ya kuharibika kwa makula, sehemu ya retina inayotuwezesha kusoma, na mtoto anayeanza mapema ana miaka mingi mbele yake ya kufika huko. Wazazi walichagua kuanza na miwani, saa 2 za kuwa nje kila siku, kitabu kisikaribie kuliko urefu wa kiwiko hadi ngumi, na mapumziko mafupi ya kutazama mbali kila baada ya nusu saa. Niliheshimu uamuzi huo, lakini niliwaambia wazi kwamba ushahidi wa kuwa nje ni thabiti zaidi katika kuchelewesha mayopia isianze kuliko katika kuipunguza kasi ikishaanza.

Baada ya miezi 6 jicho la kulia lilikuwa −1.75. Baada ya miezi 12 lilikuwa −2.00, na urefu wake umefika milimita 24.15. Alama za hisabati zilikuwa zimepanda tangu muhula wa kwanza, na wazazi walikuja wakiwa na furaha ambayo sikupenda kuivuruga. Lakini jicho lisilo na mayopia, katika umri huo, hurefuka kwa karibu milimita 0.1 kwa mwaka, na hili lilikuwa limerefuka 0.25. Tulianza atropini ya asilimia 0.05, kila usiku tone moja kila jicho, baada ya kuwaeleza kwamba mboni zitapanuka kidogo na jua huenda likamsumbua.

Siku hiyohiyo niliomba nimwone mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 6, ambaye alikuwa amekuja kama msindikizaji tu. Alisoma chati hadi mwisho kwa kila jicho, bila kufinya, kwa majivuno. Baada ya matone alikuwa na +0.25. Katika umri wake jicho linatakiwa bado liwe na akiba ya haipametropia, yaani liwe fupi kidogo kuliko linavyohitaji, na mtoto wa miaka 6 aliye chini ya +0.75 yuko katika hatari ya kupata mayopia miaka michache baadaye. Hahitaji miwani, na shule yoyote ingemwandikia neno lilelile moja aliloandikiwa dada yake. Nimempangia kurudi kila baada ya miezi 6, na ratiba ya kuwa nje iliyobandikwa ukutani kwao sasa ina majina mawili.